Kijani ndani ya mwani mwekundu: wiki ya 6

Jumamosi, maji ya bamvua yalipokupwa, nilirudi kwenye miamba ya Oysterbay nikaokota vipande 12 vya grasilaria, aina ya mwani mwekundu. Vitano vilikuwa na madoa ya kijani, ambayo wiki mbili zilizopita niliyaandika humu kuwa ni uchafu ulioota juu ya ngozi. Leo naisahihisha kauli hiyo. Nilivisugua kwa mswaki laini lakini madoa hayakuondoka, na nilipokata doa moja kwa wembe mpya, wembamba kadiri mkono ulivyoweza, hadubini ilionyesha vijinyuzi vya kijani vikipenya katikati ya seli za mwenyeji, vingine vimefika safu ya tatu. Pembezoni mwa doa seli zilikuwa bado na wekundu wake. Katikati zilikuwa zimepauka, na mahali pamoja palibaki tundu tupu.

Mwani unaoishi ndani ya mwani mwenzake huitwa endofiti. Uliochunguzwa sana ni Acrochaete operculata, unaoshambulia Chondrus crispus, mwani mwekundu wa Atlantiki ya Kaskazini wenye vizazi viwili vinavyopokezana: kizazi kinachotoa spora hupenywa hadi ndani, ilhali kizazi cha gameti (kinachotoa seli za kiume na za kike) huzuia maambukizi yaishie tabaka la nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba vipande vya karajinani (sukari ya minyororo mirefu) ya aina ya lamda, iliyomo katika ukuta wa seli za kizazi cha spora, humzidishia mvamizi ukali, na vile vya karajinani ya kapa, ya kizazi cha pili, humpunguzia. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi kwa mshangao uleule. Hata hivyo grasilaria hutengeneza agari, sukari ya aina nyingine, si karajinani, hivyo siwezi kuyahamishia kwa mwani wangu.

Huko Chile, mwani mwekundu Mazzaella laminarioides ulioambukizwa hukatwa na mawimbi kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo nilining'iniza kikombe kwenye kila kipande nikawa naongeza mchanga kidogo kidogo: kati ya vitano vyenye madoa, vinne vilikatikia penye doa. Idadi hiyo bado ni ndogo mno kwangu kudai lolote.

Bamvua lijalo nitatenga vipande vyenye vinundu vya uzazi, ambavyo kwa grasilaria ni alama ya gametofiti ya kike (kizazi cha gameti), nione kama hapa pia madoa huchagua kizazi.