Tableti za shule na sisi wazazi

Wazazi wenzangu tuongee ukweli. Zile tableti serikali ya Kenya ilianza kupeleka shule za msingi 2016, baada ya ile ahadi ya laptopu ya 2013, kuna shule zinatumika vizuri na kuna shule zimefungiwa tu kwa kabati, na mzazi hajui kwa sababu hajawahi kuuliza. Uliza bana! Mkutano wa wazazi usiwe wa pesa ya lanchi peke yake, uliza ticha wanazitumia siku gani, nani anazichaji.

Halafu nyumbani, CBC, ule mtaala wa shule zetu unaofuata umilisi, inahesabu ujuzi wa dijitali kama kitu mtoto lazima ajifunze, so ticha akiomba video ya mtoto akisoma hadithi usimfokee kwa WhatsApp. Simu ikiwa moja tu nyumbani sio shida, mkalishe kando yako dakika ishirini hivi akuonyeshe walichofanya darasani, wewe uliza maswali tu, usimfanyie. Bando ikikusumbua, daunilodi video za masomo ukiwa kwa Wi-Fi ya kazini, jioni aangalie bila intaneti.