Kitufe kilichonilia wateja miezi saba

Nina karakana ya samani Keko. Makochi, vitanda, makabati ya nguo, mninga kwa mkongo. Mwaka juzi nilitengenezewa tovuti kwa laki saba na ushee, na jamaa aliyeitengeneza akaniapia kwamba simu itaita mpaka niizime. Basi simu ikanyamaza kimya. Aliyepiga ni mmoja tu, akauliza kama tunanunua friji mbovu.

Nikaanza kuomba ushauri, na Dar ushauri ni bure. Mmoja akasema niweke picha zinazotembea na muziki. Mwingine akasema nifiche bei, mteja akiitaka atapiga. Wa tatu akataka aniuzie maoni hamsini ya nyota tano. Hilo nilikataa, maana Google wenyewe hawaruhusu maoni ya kununua, na mimi kitanda changu hakihitaji mashahidi wa kukodi. Ila hayo mawili ya kwanza niliyameza mazima mazima. Muziki ulikuwa wa kinanda. Dada mmoja wa benki alikuja kuniambia baadaye kwamba alifungua ukurasa wangu akiwa kazini, ofisi nzima ikageuka kumwangalia, akaufunga hapo hapo.

Aliyenifumbua macho ni mama anayetuuzia chakula pale karakana. Siku hiyo nilimwambia, "Mama, chukua simu yako, ingia kwenye tovuti yangu uniulizie bei ya kitanda cha tano kwa sita. Mimi sisemi neno." Nikakaa kwenye ndoo ya rangi, mikono nimeikunja.

Akafungua. Kioo cheupe. Akakoroga maharage, akarudi: cheupe. Akampakulia fundi wangu mmoja, akarudi, kumetokea nusu ya kochi, na lile kochi halina miguu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kumi na mbili, kila moja kama MB tano, zilivyotoka kwenye kamera. "Baba Zuhura, hii kitu inakula bando langu," akasema. Nikauma ulimi. Akatafuta bei, hakuna. Mwisho akabonyeza kitufe cha kijani cha WhatsApp. Kikafunguka, kikamwambia namba hiyo haipo WhatsApp.

"Mbona haupo?"

Na simu yangu mfukoni inalia meseji za kikundi cha harusi.

Nilipokikagua kile kiungo nilitaka kulia. Kwenye wa.me, yaani anwani inayomfungulia mteja WhatsApp yako, unaanza na 255, halafu unaitupa ile sifuri ya mwanzo wa namba yako, na alama ya kujumlisha huweki. Yule mtaalamu aliandika 255, kisha sifuri nayo akaiweka. Miezi saba! Kila aliyebonyeza aliambiwa mimi sipo.

Nilirekebisha. Muziki nikaung'oa. Picha nikazipunguza upana hadi pikseli 1200, nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, zikashuka hadi KB mia na kitu. Nilipiga na nyingine mpya asubuhi, nje mlangoni, fundi akiwa amesimama kando ya kabati ili mtu aone kimo chake. Bei nikaandika "kuanzia", maana mbao zinapanda. Tena hakikisheni anwani ya tovuti, ile ya .co.tz, imesajiliwa kwa jina lenu. Yangu ilikuwa kwa jina la jamaa, nikasumbuka mwezi mzima kuirudisha.

Maneno nayo yalikuwa balaa. Kwenye Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha maneno ambayo watu wanatafuta hadi tovuti yako ikatokea, na hakilipiwi, niliona watu wanatafuta "kitanda 5 kwa 6 bei" na "makochi ya L". Tovuti yangu ilikuwa inahubiri "suluhisho za kisasa za makazi". Nani Temeke anatafuta suluhisho? Vichwa vya kurasa nikaviandika vile vile wanavyotafuta wao.

Sasa ujanja wangu mwenyewe, huu najivunia. Mwisho wa kiungo cha wa.me unaongeza alama ya kuuliza, neno text, alama ya sawasawa, kisha ujumbe, na penye nafasi unaweka %20. Mteja akibonyeza anakuta "Habari, nimeona kabati la milango mitatu" imeshaandikwa, kazi yake ni kutuma tu. Kila bidhaa nimeipa ujumbe wake, kwa hiyo hata asipojieleza najua katokea ukurasa gani. Ndivyo nilivyogundua stendi za TV zinaulizwa kuliko makochi, nami nilikuwa nimezificha chini kabisa.

Wiki ile nilipata meseji tisa, mbili zikawa oda. Siyo utajiri, ila wiki zilizotangulia zilikuwa za friji mbovu.

Mama alidai bando lake. Nikamtengenezea benchi la mkongo, na juzi kaniuliza tovuti ya wali maharage itakuwa kama shilingi ngapi.