Mama wa Birika

Jumanne, saa nne na robo usiku. Watoto wamelala, umeme upo. Leo nimeandika sentensi moja. Nataka kueleza ilivyopatikana kabla kesho sijaanza kujidanganya kwamba niliitunga kwa akili zangu.

Tangu Februari nina hadithi iliyokwama mlangoni. Mlangoni kweli: mwanamke ametoka kumzika mama yake kijijini, amerudi Dar kwa basi la usiku, amefika kwenye chumba walichokuwa wakiishi wawili, ufunguo uko mkononi. Hapo ndipo nilipomwacha. Kila nikimfungulia, anafanya jambo ambalo mimi mwenyewe silisadiki. Mara anajitupa kitandani na kulia. Mara anaona koti la marehemu limetundikwa msumarini. (Koti! Na joto hili la Dar! Hilo nililiokota kwenye hadithi za watu, si kwenye nyumba yoyote niliyowahi kulala.) Mara anaongea peke yake, maneno mazuri mno, ya mtu aliyekaa mezani akayapanga.

Siku zangu nazo hazina nafasi ya mwanamke wa mlangoni. Naamka saa kumi na moja, naandaa watoto, navuka na pantoni, saa moja na nusu niko Kariakoo kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi. Mabati ya geji 28, mabati ya geji 30, nondo, misumari, rangi. Fundi akija anataka misumari ya inchi nne, hana habari kwamba ulikuwa katikati ya aya. Kwa hiyo naandika vipande. Nilifungua grupu la WhatsApp, nikamuunga mdogo wangu, kisha nikamtoa ili nibaki peke yangu humo nijitumie sentensi. Akanipigia simu jioni ileile: "Dada, nimekukosea nini?" Mpaka leo sidhani kama maelezo yangu yalimwingia.

Watu huniambia subira yavuta heri. Ni methali ya kweli, ila nimegundua wanaoisema kwa wepisi ni wale ambao heri yao imeshafika. Mwingine atakukumbusha Shaaban Robert. Huyo namkubali. Kabla hajawa jina la mitaa na shule alikuwa karani wa forodha pale Pangani, mtu wa kuamkia ofisini kama mimi, na alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu. Huwa namfikiria amekaa na makaratasi ya ushuru mbele yake, ubeti mmoja ukimwasha kichwani, na mwenye mzigo amesimama anasubiri muhuri. Sijui aliuhifadhi wapi ubeti huo mpaka jioni. Grupu la WhatsApp hakuwa nalo.

Mwezi wa sita nilichukua likizo ya wiki nzima kwa ajili ya hadithi hii. Nilinunua kaunta buku jipya la kwaya tatu. Niliosha mapazia. Siku ya nne nikajikuta nimekaa sakafuni napanga mifuniko ya sufuria kwa ukubwa, ya mwisho ikiwa ile isiyo na sufuria yake. Kaunta buku halikuguswa. Sasa mwanangu mkubwa analifanyia hesabu.

Leo jioni, basi. Foleni ya pantoni ilikuwa ndefu, geti lilipofunguliwa watu wakakimbia kama kawaida yetu, utafikiri upande wa pili wanagawa viwanja. Nikapata pa kukaa karibu na mama mmoja wa makamo. Alikuwa na birika jipya limeviringishwa gazeti, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani usidondoke. Amelipakata kwa mikono miwili. Harufu ya pweza wa Feri ilitufuata mpaka katikati ya maji.

Pantoni ikagota Kigamboni. Watu wakasimama kabla mlango haujashuka, wakasukumana, wakamwagika nje. Mama hakusimama. Akafungua pindo la kanga, akahesabu hela zake, noti za elfu mbili mbili, akafunga. Akafungua tena. Akahesabu tena, na safari hii nilimwona kabisa kwamba hahesabu, anapitisha tu vidole. Nami nikabaki, sijui kwa nini. Najua tu kwamba kwa kubaki kule bajaji za kwanza za Tungi zilijaa bila mimi.

Kijana wa pantoni akapaza sauti: "Mama, tumefika!"

"Nimeona, baba," akajibu taratibu. "Naja."

Akakaa kidogo tena. Halafu akalipanga birika vizuri kifuani, akanyanyuka na kwenda. Sikumfuata, sikumuuliza kitu. Sina haki ya kujua nyumbani kwake kuna nini.

Lakini nikiwa nasubiri bajaji nikaona kosa langu la miezi yote hii. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwingiza yule mwanamke ndani, kwa sababu saa yangu moja ya kuandika usiku inakwisha na nataka kitu kitokee. Yeye hana haraka hiyo. Ametoka kumzika mama yake. Chumba kile kina kitanda kimoja zaidi. Nani aliniambia kwamba anataka kufungua?

Nikajitumia sentensi nikiwa nimebanwa katikati ya abiria wawili, kidole gumba kimoja:

"Aliutia ufunguo ndani ya sidiria, akaketi barazani na kiroba cha mchele alichotoka nacho kijijini, akamtuma mtoto wa jirani amletee ungo."

Hiyo tu. Niliposhuka nikaisoma tena chini ya taa ya duka la Mpesa, nikaona imesimama. Najua mchele ule una chuya nyingi, mchele wa kijijini, aliutwanga mama yake kabla hajaugua. Atazitoa moja moja mpaka giza liingie. Na najua jirani atatoka kumpa pole, na jirani huyo ni mdomo, ataongea kwa ajili ya wote wawili.

Nilitaka kumwanza jirani usiku huu. Ila sare za shule bado zimelowa pale kambani na upande wa bahari kumeanza kumetameta radi. Naenda kuzianua, nizitandaze kwenye viti mbele ya feni.