Kabla hujajaza gesi ya AC, tafuta inapovujia

Huku Mombasa AC ya gari ikianza kutoa upepo wa moto tu, kila mtu atakwambia gesi imeisha, kajaze. Jamani, gesi ya AC haiishi kama petroli! Inazunguka mle mle kwenye mabomba, kompresa inaisukuma, ikifika kondensa pale mbele ya redieta inapoa inakuwa kimiminika, ikifika nyuma ya dashibodi inageuka mvuke na kunyonya joto la ndani ya gari, halafu inarudi kwa kompresa. Ikipungua sana ni kwamba kuna mahali inavuja, na ukijaza bila kuziba, hizo pesa umezimwaga.

Nina uchungu na hili. Corolla yangu ni ya 1998, ile 110, na kuna gereji walinijazia gesi, ikawa baridi safi kabisa, haikupita muda joto likarudi, nilipowapelekea wakataka kujaza tena bila hata kuuliza ile ya kwanza imeenda wapi. Nikaondoka, nikaanza kufuatilia mwenyewe.

Anza na hili. Kama ukiwa mwendo, mfano unavuka Nyali Bridge, AC inapoa vizuri, lakini ukikwama foleni ya feri Likoni inakuwa moto, usikimbilie gesi, shuku feni ya kondensa kwanza. Gari ikitembea upepo wa barabarani unaipoza kondensa, ikisimama feni ndiyo inafanya hiyo kazi. Washa injini na AC, fungua boneti utazame, feni inazunguka? Kama haizunguki angalia fyuzi, rilei, halafu mota yenyewe. Mikono weka mbali, maana inaweza kuanza ghafla tu. Hapo hapo tazama kompresa, ukiwasha AC utasikia "ta!" na ile sahani ya mbele ya puli inaanza kuzunguka. Isiposhika inaweza kuwa ni umeme, au gesi imepungua mpaka swichi ya presha imekata.

Kama upepo wenyewe unatoka namba ya mwisho tu na zile za chini zimekufa, karibu kila mara ni rizista ya feni ya ndani, kitu kidogo kinachopunguza kasi ya feni, na gesi haihusiki kabisa. Kapeti ya abiria kulowa mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya AC limeziba.

Sasa kwetu sisi wa pwani adui mkubwa ni chumvi. Chukua tochi uimulike kondensa kwa mbele. Yangu zile mbavu za alumini upande wa chini zilikuwa zimeota unga mweupe, ukigusa kwa kidole zinapukutika, na kwenye kona moja pana doa jeusi la mafuta lililonasa vumbi. Hilo doa ndilo la kutafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotokea na mafuta yanatokea hapo hapo. Nikapaka povu la sabuni ya vyombo, likaanza kutoa mapovu madogo madogo polepole. Hizo nati za mabomba usijaribu kufungua mwenyewe, gesi ikikurukia inagandisha ngozi na macho yanaweza kuharibika, na pia hii gesi ya AC, R134a, ikitoka hewani inashika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, si kitu cha kuachilia tu kikatoka.

Fundi niliyempata baadaye alibadilisha kondensa, draya (ile inayonyonya unyevu kwenye gesi) na oringi, yaani vipira vya kuzibia maungio, zote alizofungua, akajaza naitrojeni kupima kama bado inavuja, akaifungia pampu ya vakyumu kama nusu saa hivi akitoa hewa na unyevu, ndipo akapima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti. Mwingine atakujazia kwa kukisia, na gesi ikizidi pia AC haipoi, kompresa inaumia bure.

Kwa hiyo ukifika gereji muulize fundi kama ana vakyumu na mizani. Akikwambia hazina haja, geuza gari uende kwa mwingine.