Fenakiti, jiwe linalofanana na kwazi

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita mpwa wangu alifika nyumbani kwangu hapa Mbeya akiwa na kifuko cha kitambaa, na ndani yake mlikuwa na mawe saba angavu kama maji ya chemchemi. Alikuwa ameyanunua kwa dalali mmoja njiani akitokea Chunya, naye dalali huyo alimhakikishia kwamba yote ni fenakiti. Kijana alikwisha kusoma kwamba fenakiti ni adimu, kwa hiyo hakubishana sana juu ya bei. Alipomaliza kunisalimu aliyamwaga mezani akasema, "Mjomba, niambie ukweli hata kama utaniuma."

Sikuweza kumjibu kwa kuyatazama tu, na hakuna mtu ambaye angeweza. Jina lenyewe la madini haya linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mdanganyifu, nalo lilitolewa mwaka 1833 na Nils Gustaf Nordenskiöld, mtaalamu wa madini kutoka Finland, kwa sababu jiwe hili lilikuwa likidhaniwa kuwa kwazi, lile jiwe la kawaida linaloonekana kila mahali. Yote mawili huwa hayana rangi, yote mawili hung'aa kama kioo, na yote mawili yakivunjika huacha mikunjo ya mviringo kama ya ndani ya kombe la pwani. Tofauti imo ndani. Kwazi ni silikoni na oksijeni peke yake, ilhali fenakiti ni silikati ya berili, yaani kwa kila chembe moja ya silikoni zipo mbili za berili na nne za oksijeni.

Berili ni metali nyepesi mno, ya nne katika jedwali la elementi, na ingetarajiwa kwamba jiwe lililojaa berili liwe jepesi kuliko kwazi. Mambo ni kinyume chake. Katika kwazi kila chembe ya oksijeni imeshikwa na chembe mbili za silikoni, na umbo linalojengeka lina uwazi mwingi. Katika fenakiti kila oksijeni imeshikwa na chembe tatu, mbili za berili na moja ya silikoni, kwa hiyo zote zimebanana kama matofali yaliyopangwa na fundi asiyetaka kupoteza nafasi. Ndiyo maana sentimita moja ya ujazo ya kwazi ina uzito wa gramu 2.65, na ya fenakiti ni karibu gramu 2.96. Kubanana huko ndiko pia kunakoipa ugumu wa kati ya 7.5 na 8 katika kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, ilhali ugumu wa kwazi ni 7, na ndiko kunakoifanya ipinde mwanga zaidi.

Tofauti ya uzito ndiyo niliyoitegemea, kwa kuwa haihitaji maabara. Nilichukua mizani ndogo ya kielektroniki, ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kwanza nilipima jiwe likiwa kavu. Kisha nikaweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikalifunga jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha huku nikiushika uzi, likizama lote bila kugusa kitako wala ukuta wa bilauri. Namba inayoonekana hapo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Ukigawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili umepata jibu, yaani gramu za kila sentimita moja ya ujazo ya jiwe. Ni lazima kuyafuta mapovu yanayong'ang'ania jiwe, maana povu moja linatosha kuharibu hesabu ya jiwe dogo.

Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na gramu 12.72 likiwa kavu, na ndani ya maji mizani ilisoma 4.80. Jibu ni 2.65. Lingekuwa fenakiti, mizani ingesoma karibu 4.30, na tofauti ya nusu gramu haiwezi kufichwa na mkono unaotetemeka. Mawe mengine matano yalitoa majibu yale yale. La saba, lenye gramu 8.25, lilitoa jibu la 2.50, na nilipolitazama kwa lenzi ya mkono niliona viputo vya duara ndani yake: kilikuwa kipande cha kioo kilicholainishwa kingo. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Niliumia pamoja naye, kwa sababu fedha ile aliipata kwa jasho la kubeba mifuko ya mchanga wa dhahabu.

Aliponiuliza kama basi fenakiti ni hadithi tu, nilimwambia kwamba ipo kweli na kwamba mahali inapozaliwa panaeleweka vizuri. Berili hukusanyika katika majimaji ya mwisho ya mwamba wa itale unaopoa chini ya ardhi, yale yanayoganda kuwa mishipa ya pegmatiti yenye feldspa, madini ya kawaida ya itale, na ulanga wa vipande vikubwa. Mara nyingi katika mishipa hiyo kuna alumini ya kutosha, na berili huungana nayo kutengeneza zabarajadi, lile jiwe linalotajwa katika Ufunuo miongoni mwa misingi ya mji mtakatifu, ambalo likipata kromiamu au vanadi huwa zumaridi. Fenakiti hupata nafasi pale berili inapozidi na alumini inapopungua. Berili ni sehemu 5 tu katika 100 za uzito wa zabarajadi, lakini katika fenakiti hufikia zaidi ya 16.

Makao yake yaliyojulikana zamani ni machimbo ya zumaridi ya mto Takovaya katika milima ya Ural, Urusi, ambako fuwele zake kubwa hukaa ndani ya shisti ya ulanga, yaani mwamba wa matabaka membamba, pamoja na zumaridi na krisoberili, jiwe jingine lenye berili. Hupatikana pia pamoja na topazi katika itale ya Pikes Peak, Colorado, na fuwele ndefu zilitoka katika machimbo ya feldspa ya Kragerø, Norwei. Huko Greenwood, Maine, ziliokotwa fuwele kubwa zenye umbo kamili la fenakiti, lakini ndani yake fenakiti yote ilikuwa imekwisha kuyeyuka na nafasi yake kujazwa kwazi. Habari hiyo hunishangaza kila ninapoikumbuka.

Kwa hiyo mtu wa nyanda hizi za juu kusini anayetaka kuitafuta aanze pale penye zumaridi. Upande wa Sumbawanga zumaridi imewahi kuchimbwa, katika miamba ya kale ya ukanda wa Ubendi, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2, ambao unapita pia hapa Mbeya. Kwenye lundo la mabaki ya ulanga mweusi, jiwe lisilo na rangi hutupwa kwa kudhaniwa kwazi, na hapo ndipo mizani na bilauri vinapohitajika. Macho nayo yanaweza kusaidia kidogo: fuwele ya kwazi ina michirizi inayokata ubavu wake kwa upana, ilhali fenakiti mara nyingi ni bapa kama dengu, na zile ndefu zilizoota kwa kupenyana huwa na ncha inayofanana na ya keekee.

Nilimsihi jambo moja zaidi. Kulishika jiwe la berili hakuna madhara, lakini vumbi lake likivutwa linaweza kuharibu mapafu kwa namna isiyotibika kabisa, na vumbi la kwazi lina ugonjwa wake vilevile. Anayelikata au kulisaga afanye hivyo kwa maji, akiwa na barakoa inayofaa, na asifanye kazi hiyo jikoni wala karibu na watoto.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Yale mawe sita ya kwazi aliyaacha kwenye kingo ya dirisha langu, kile kipande cha kioo akakitia mfukoni ili akamwonyeshe aliyemuuzia, na akaniomba nimwazime mizani hadi mwisho wa mwezi.