Siga isiyo na lebo, Raskazone

Baharia mmoja alitaka kumuuzia mjomba siga tano, zile nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, zisizo na lebo wala boksi, akidai ni za Cuba. "Wewe unazijua hizi, niambie ukweli kabla sijatoa hela," mjomba akaniambia. Tukakaa baraza la nyuma pale kwake Raskazone, Tanga, maana upepo wa kusi ukipiga siga ubavuni huungua upande mmoja, na hapo hupimi tena kitu.

Boksi lingetuokolea muda. Boksi la Cuba halali hubandikwa muhuri wa dhamana wa serikali, uliowekewa sheria mwaka 1912. Bila boksi, mashahidi ni majani yenyewe.

Urefu sentimita 12 na nusu, unene karibu milimita 20. Hiyo ni robusto, saizi inayotengenezwa kila nchi, kwa hiyo haikutuambia lolote. Nikaibonyeza taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho: palipo pagumu majani yamejazana na moshi hukwama, palipo laini pana uwazi na moto hukimbia. Hii ilikuwa sawasawa, ila ngumu kidogo karibu na kichwa, upande wa kuvutia. Jani la nje lilikuwa la kahawia iliyokoza, lina mafuta. Kofia, yaani jani linaloziba kichwa, ilikuwa kipande kimoja tu kilichobandikwa. Cuba huizungushia kofia mara tatu. Wengine nao huiga, hivyo mizunguko mitatu haithibitishi kitu, lakini kuikosa kunatia shaka.

Mjomba akataka kuing'ata. "La, mjomba, lete wembe mpya." Nikakata milimita 2 hivi, ndani ya kofia. Ukivuka mpaka wa kofia jani la nje linafumuka lote. Nikavuta kabla ya kuwasha: ladha ya nyasi kavu na zabibu kavu, pumzi nzito, na vipande vidogo vya tumbaku vikabaki ulimini. Hapo ndipo shaka ilipokaza. Majani marefu yaliyolazwa mazima, kama tulivyotarajia kwa siga ya Cuba, hayamwagiki hivyo. Ndani mlikuwa na yaliyokatwakatwa.

Tukawasha kwa njiti ya kiberiti, baada ya baruti yake kuungua kwanza. Siga inashikwa juu ya moto bila kuugusa, unaizungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo unavuta. Mvuto mmoja kwa dakika watosha. Ukiharakisha inapata moto na kuwa chungu. Moshi hauingii mapafuni. Unakaa kinywani, kiasi kidogo unakitolea puani.

Puani ilikuwa pilipili manga tupu. Katikati ikatulia, ikaja kahawa chungu na karanga zilizokaangwa, na hapo kusema kweli ilikuwa tamu. Haikunuka amonia, kwa hiyo majani yalivundikwa vya kutosha. Mjomba akauliza kama si tumbaku ya Tabora imevishwa koti. Hapana. Ya Tabora hukaushwa kwa joto kwenye bani, banda la kukaushia, hubaki ya njano na yenye sukari. Hii ilikaushwa kwa hewa, kisha ikavundikwa kwenye marundo.

Majivu yalidondoka mapema, yamechambuka, dalili nyingine ya majani mafupi. Ikazimika pia, lakini hilo sikumtwika aliyeisokota. Siga hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa ya bahari ya Tanga mara nyingi hupita hapo. Majani huvimba, njia ya moshi hubana.

"Kwa hiyo si ya Cuba?"

"Kuapa siwezi, mjomba. Imesokotwa kwa mkono, tumbaku nzuri, ujazo wa vipande, imehifadhiwa vibaya. Ile pilipili inanielekeza Nicaragua zaidi. Usimlipe bei ya Cuba."

Akalipa nusu. Kati ya nne zilizobaki, moja ilikuwa na tundu la saizi ya kichwa cha pini: dumuzi wa tumbaku, ambaye mayai yake huanguliwa upesi penye joto. Ili kumuua pamoja na mayai yake, zote zikafungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, siku moja kwenye friji, tatu kwenye friza, kisha moja tena kwenye friji, kwa sababu zikitolewa ghafla kwenye joto jani la nje hupasuka.