Siku Moja Maishani Mwangu: Kujenga Chumba cha Jua la Utosi Mwanza

Saa 11 alfajiri, mwishoni mwa Septemba, ninapanda kilima cha mawe kinachotazama Ghuba ya Mwanza, mahali ninapojenga chumba cha mviringo kisicho na dirisha, chenye tundu moja katikati ya paa. Hakitawekwa picha wala sanamu; kitapokea mwanga tu.

Saa 1 asubuhi fundi huanza kupiga lipu ya chokaa. Tunaiacha bila kung'aa, na kingo za tundu tunazichonga nyembamba ili mtazamaji asiuone unene wa paa, bali aione anga kama imeshuka na kulala juu ya kuta. Mbinu hiyo nimejifunza kwa kazi za msanii Mmarekani James Turrell, ambaye tangu miaka ya 1970 anaigeuza volkano iliyozimika ya Roden Crater, Arizona, kuwa mahali pa kutazamia anga.

Saa 6 na dakika 40 mchana kazi zote husimama. Saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tupo magharibi yake, karibu na digrii 33, ndiyo maana jua hutufikia utosini kwa kuchelewa. Siku hizi za mwishoni mwa Septemba, na tena katikati ya Machi, hupita juu yetu kabisa: duara la mwanga hutua chini ya tundu, na uzi wa timazi hauna kivuli. Msanii Nancy Holt alipokamilisha mabomba yake manne ya zege jangwani Utah, Marekani, mwaka 1976, aliyaelekeza kwenye macheo na machweo ya siku ndefu na fupi kupita zote; huko jua halifiki utosini kamwe. Kunakili mpangilio wake hapa kungekuwa kuipuuza zawadi ya mahali petu, nami sikubali.

Alasiri tunachimba mfereji wa maji, kwani vuli inakaribia.

Jua huzama kabla ya saa 1 kasorobo, likishuka karibu wima, hivyo magharibi yetu ni fupi na kila dakika ina thamani. Tunajaribu taa hafifu ndani. "Mwalimu, humu anga imeshakuwa nyeusi, nje bado ni ya buluu," anasema fundi, na ndivyo ilivyo, kwa sababu jicho huilinganisha anga na ukuta uliomulikwa. Tumekubaliana taa ifichwe nyuma ya benchi na iwashwe jua likishazama. Kesho ataacha njia ya waya kabla ya kumalizia lipu.